Watemi Waliorudi: Sungusungu katika Unyamwezi na Igunga

Serikali ya Tanganyika ilifuta utemi kwa sheria mwaka 1963. Haikufika miaka ishirini, vijiji vya mpakani mwa Kahama, Nzega na Shinyanga vilianza kuchagua watemi upya. Hapakuwa na barua ya mkuu wa wilaya wala azimio la chama. Wazee waliitana, vijana wakaitwa, dawa ikachanjwa, kiapo kikaliwa, na mmoja wao akaambiwa: kuanzia leo wewe ni mtemi. Mtemi huyu hakuwa na ukoo wa kitawala nyuma yake, na hakudai mtu pembe ya ndovu wala kodi. Alipewa kazi moja, kuhakikisha ng'ombe wanalala zizini na kuamkia zizini.

Hiyo ilikuwa kati ya mwaka 1981 na 1982. Katikati ya muongo ule tayari Unyamwezi na Usukuma wote, Igunga ikiwemo, ulikuwa na majeshi haya ya jadi. Wengine waliyaita Basalama, watu wa amani. Jina lililoshika nchi nzima ni Sungusungu.

Habari za Sungusungu husimuliwa kama habari za ulinzi, nami sikubali kwamba zinaishia hapo. Hii ni historia ya siasa, na ni siasa ya wahafidhina: ya watu wasiodai dunia mpya bali wanaodai warudishiwe ile iliyovunjwa, yenye mali isiyoguswa, mzee anayesikilizwa na kijiji kinachojua nani kaingia na nani katoka. Waliijenga kutoka mashinani, bila gazeti na bila ofisi, katika nchi ya chama kimoja iliyokuwa imetangaza Ujamaa. Serikali ile ikaishia kuwapa sheria. Katika historia ya Tanzania huru ni harakati chache sana za wanakijiji zilizofika mbali kiasi hicho.

Ili kuelewa ilikuwaje, tuitazame kwanza nchi yenyewe. Ukitoka Singida kwenda Nzega unashuka mlima wa Sekenke, unaingia katika bonde la Wembere, tambarare iliyo mbuga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ng'ambo yake ndipo Igunga, wilaya iliyomegwa kutoka Nzega. Wanyamwezi na Wasukuma wanaishi humo pamoja na Wanyiramba na Wataturu, na karibu kila nyumba inapima utajiri wake kwa ng'ombe. Ng'ombe ni mahari ya mtoto wa kiume, ni ada ya shule, ni akiba ya mwaka wa njaa. Mwizi akikuibia ng'ombe kumi usiku mmoja, kakuibia arusi ya mwanao na chakula cha mwakani kwa mkupuo mmoja. Na bonde pana lenye nyumba chache ni njia nzuri kwa mtu anayeswaga mifugo isiyo yake kabla jua halijachomoza.

Eneo hili lilizijua bunduki na misafara tangu karne ya kumi na tisa. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikakata nyika ya Mgunda Mkali, ikatokea Tura hadi Tabora, kusini mwa Igunga ya leo. Kutoka Tabora tawi jingine lilipanda kaskazini kuelekea ziwa Nyanza, na ndilo John Hanning Speke alilolifuata mwaka 1858. Wapagazi wengi wa misafara ile walikuwa Wanyamwezi, na walirudi nyumbani na nguo, shanga, na magobori. Zilipoingia bunduki, ramani ya madaraka ilibadilika. Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu walijenga tawala zao kwa vijana wa rugaruga, waliokuwa askari leo na wanyang'anyi kesho. Wote wawili walifariki Desemba 1884. Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, boma lake lilipoanguka naye akajilipua kwa baruti kuliko kushikwa.

Katika kumbukumbu ya vijiji, basi, mtemi alikuwa mtu wa mvua na wa hukumu, lakini pia alikuwa kinga dhidi ya watu wenye silaha. Chini yake palikuwa na kitu kilichodumu kuliko yeye: vikundi vya vijana wa kijiji, waliolima pamoja, waliocheza ngoma pamoja na walioitana pamoja kwenye shida. Palikuwa pia na mwano, yowe la hatari. Mwano ukipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alitoka na upinde wake, na aliyebaki ndani alikuwa na la kujibu kesho yake. Waingereza waliwageuza watemi kuwa watumishi wa utawala wa kupitia machifu kuanzia miaka ya 1920, wakawapa mishahara na mabaraza. Mwano na vikundi vya vijana havikuwa na mshahara, kwa hiyo havikuwa na wa kuvifukuza kazi.

Uhuru ulipokuja, utemi ulipewa muda mfupi tu. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri katika serikali ya kwanza, akajiuzulu mwaka 1963, mwaka uleule machifu walipofutwa. Mahali pao pakakaa watendaji, makatibu na wenyeviti. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe anaishi kijijini, na Operesheni Vijiji ikaingia Unyamwezi kama ilivyoingia kwingine, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kupangwa kwenye mistari. Mwaka 1976 vyama vya ushirika, ambavyo wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa walikuwa wamevijenga tangu miaka ya 1950, vikavunjwa navyo.

Tuhesabu kilichopotea katika miaka kumi na mitatu tu. Mtemi hayupo. Ushirika haupo. Halmashauri haipo. Jirani uliyemjua tangu utoto kahamishiwa kijiji kingine, na aliyejenga karibu nawe ni mgeni. Mzee wa Igunga mwenye shida mwaka 1977 alibaki na milango miwili tu, chama na polisi.

Mlango wa polisi ulikuwa umechafuka. Mauaji na wizi wa ng'ombe yaliposhamiri Mwanza na Shinyanga, dola ilifanya operesheni ya kuwakamata washukiwa mwaka 1976. Watu waliteswa, na baadhi walifia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya vitendo ambavyo yeye binafsi hakuvifanya, na baadhi ya maofisa wakapelekwa mahakamani. Taifa linakumbuka jambo hilo kama mfano wa uwajibikaji, na ni haki. Ila kule vijijini tukio hilohilo lilifunza jambo jingine, kwamba dola ikija kusaidia huja na kiboko, na ikijirudi huwaacha wezi walipokuwa.

Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 na 1979. Baada ya vita bunduki zilizagaa vijijini, na nchi ikabaki imefilisika. Madukani hapakuwa na sukari, sabuni wala kanga. Gari la polisi halikuwa na mafuta. Mwizi wa ng'ombe, aliyekuwa zamani kijana mwenye rungu na mbio, sasa alikuja na wenzake na silaha ya moto. Aliyekamatwa na kupelekwa kituoni alionekana mnadani wiki ileile. Wanakijiji walilitafsiri hilo kwa namna moja tu: kuna mtu kapewa chake.

Sungusungu ilizaliwa hapo. Haikutoka kwenye nadharia yoyote. Ilitoka kwenye hasira ya mtu mwenye mali ndogo aliyeibiwa mara mbili, kwanza na mwizi, halafu na anayepaswa kumkamata mwizi.

Namna ilivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa nguvu yake yote ilikuwa humo. Kila kijiji kilikuwa na mtemi wake, katibu wake wa kuandika mambo, na makamanda wa kuongoza vijana. Silaha ilikuwa upinde na mishale, mara nyingi yenye sumu. Ishara ilikuwa filimbi na mwano. Ng'ombe wakiibwa usiku, zizi lililoibiwa lilipiga yowe, kijiji kikatoka, wakashika nyayo. Walipofika mpaka wa kijiji cha pili walipiga yowe tena na kijiji hicho kikapokea, wenyeji wakaongoza kwa kuwa wao ndio wanaozijua njia zao. Hivyo msako ulikwenda kijiji hadi kijiji, wilaya hadi wilaya, siku mbili tatu bila gari wala redio. Mwizi alichoka kabla ya wanaomfuata, maana wao walipokezana na yeye hakuwa na wa kupokezana naye.

Kijiji kilichokataa kupokea nyayo kilihesabiwa kuwa kimeficha wezi. Kwa mtu mmoja mmoja, adhabu ilikuwa faini ya ng'ombe au fedha, viboko, na iliyoogopwa kuliko zote, kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi. Hapewi moto, haombi maji kisimani kwa mwenzake, hasaidiwi shambani, na akifiwa anazika mwenyewe na wanawe. Kwa mtu wa mjini hilo huenda likaonekana dogo. Kwa mkulima wa Choma au Ziba, wilayani Igunga, anayehitaji majirani ili kulima, kuezeka, kuoza na kuzika, ni kufungwa jela isiyo na kuta. Wengi walilipa faini walizokuwa wamezigomea miezi mingi baada ya wiki moja tu ya ukimya huo.

Wizi wa ng'ombe ulipungua sana, na hilo watafiti waliokwenda kutazama wanalikubali. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Cambridge aliyeijua Unyamwezi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alirudi katika miaka ya 1980 na kuandika juu yao. Sufian Bukurura, mwanasheria Mtanzania, aliwafanyia utafiti wa shahada ya uzamivu. Kinachojitokeza katika kazi zao ni jinsi kitu hiki kilivyokuwa kipya na cha kale kwa wakati mmoja. Cheo cha mtemi ni cha kale, mwano ni wa kale, dawa ni ya kale. Lakini katibu mwenye daftari katoka kwenye chama, na kamanda katoka jeshini na mgambo. Wahafidhina wa Unyamwezi walijenga nyumba ya zamani kwa matofali waliyoyakuta kiwanjani.

Mwanzoni walifanya mambo yao kwa siri, na watumishi wa serikali hawakukaribishwa. Mwenyekiti wa kijiji aliyechaguliwa kwa taratibu za chama alijikuta amekaa kwenye ofisi yenye bendera, watu wako kwa mtemi. Jambo hilo liliwatia hofu maofisa wa wilaya, na walikuwa na sababu. Kundi la watu wenye upinde, kiapo na mahakama yao ni dola ndani ya dola. Polisi waliwakamata, mahakimu wakawahukumu kwa kujeruhi, kufungia watu na kuchukua mali. Askari polisi aliyekwenda kumkamata kamanda wa Sungusungu alijua kwamba anamkamata mtu aliyefanya kazi yake yeye.

Wakati huohuo juu kabisa upepo ulikuwa tofauti. Viongozi wakuu wa Chama Cha Mapinduzi (CCM), Nyerere mwenyewe akiwemo, waliwaona kama wananchi waliojitwalia ulinzi wao, na hilo lilikubaliana na lugha ya chama kuhusu nguvu ya umma na mgambo. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi. Nchi nzima ilikuwa na hamu ya kuona wakosaji wakishikwa bila kuzungushwa, na watu wa Unyamwezi walikuwa wameshaanza. Kwa hiyo chama kiliwapigia makofi na serikali ikawashtaki, miaka kadhaa mfululizo. Aliyetazama kwa mbali aliona mkanganyiko. Mimi naona ushindi wa kijiji: kilitafuta ufa katikati ya chama na dola, kikapita.

Nadhani chama hakikuelewa vizuri kilichokuwa kikikipigia makofi. Kiliona umma wa kimapinduzi. Kilichokuwepo vijijini ni wenye ng'ombe wakilinda ng'ombe wao, wazee wakirudisha kauli yao juu ya vijana, na wanaume wakirudisha kauli yao juu ya wanawake. Kazi za baraza la Sungusungu, ambalo Wasukuma huliita dagashida, zilipanuka haraka kutoka wizi wa mifugo hadi madeni, ugoni, matusi kwa wakubwa na mienendo ya nyumbani. Hapakuwa na itikadi ya Ujamaa katika hukumu hizo. Palikuwa na swali moja: mtu huyu kafanya kama inavyofanyika?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Desemba 1976, katika kijiji cha Cuyumalca, wilayani Chota kaskazini mwa Peru, wakulima waliochoshwa na wizi wa mifugo na mahakimu wala rushwa walianza doria za usiku, rondas campesinas. Zilisambaa milimani, zikageuka mabaraza ya kuamua kesi, na mwaka 1986 sheria ikazitambua. Ukisoma habari zao unaweza kudhani unasoma za Kahama. Kwingine uhafidhina wa mashinani ulichukua sura nyingine kabisa. Huko Marekani, Phyllis Schlafly alianzisha mwaka 1972 kampeni ya kuzuia marekebisho ya katiba juu ya usawa wa wanawake na wanaume, akitegemea akina mama wa nyumbani na waumini wa makanisa, na Juni 30, 1982 muda wa marekebisho hayo ukaisha yakiwa yamepata majimbo 35 kati ya 38 yaliyohitajika. Mwaka huohuo 1982 wakulima wetu walikuwa wakila viapo. Wale walikuwa na sheria inayofanya kazi na walihofia itabadilishwa. Wetu hawakuwa na sheria inayofanya kazi hata kidogo. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo maana wao walikwenda kwenye mabunge ya majimbo, sisi tukaenda kwenye miti ya dawa.

Ushindi wa kisheria ulikuja mwaka 1989. Bunge lilirekebisha sheria za mgambo kwa Sheria Namba 9 ya mwaka huo, Sungusungu na Wasalama, yaani Basalama, wakapewa uwezo wa kukamata kama alionao konstebo wa polisi. Chukua muda kulitafakari hilo. Miaka ishirini na sita baada ya kufuta utemi, Bunge la nchi ya chama kimoja liliwapa watemi wa mwano nafasi ndani ya sheria. Mwaka uliofuata Augustine Mrema, waziri mpya wa mambo ya ndani, aliwapeleka mjini. Mitaa ya Dar es Salaam ikaamriwa kuunda Sungusungu, kila nyumba itoe mlinzi wa usiku au mchango. Mjini hapakuwa na mwano wala wazee wanaojuana, kwa hiyo ilibaki doria na stakabadhi, lakini jina lilikuwa limeshatoka Unyamwezi na kuingia katika lugha ya kila Mtanzania. Polisi jamii na ulinzi shirikishi, vilivyohimizwa tangu mwaka 2006 chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi Saidi Mwema, vimerithi wazo lilelile.

Kwa upande mwingine, Wasukuma waliohama na mifugo yao kwenda Rukwa walibeba Sungusungu pamoja na mikuki na madumu ya maji. Wakurya wa Tarime waliiiga katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1998 ikavuka mpaka kuingia kwa Wakurya wa Kenya. Hata miti ilipata faida. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kurudisha ngitili, yale malisho yanayofungwa kwa akiba ya kiangazi, ulikuta dagashida na Sungusungu tayari zina nguvu ya kumtoza faini anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Ngitili zilizobaki hekta mia chache tu zilifufuka hadi kupita hekta 300,000 mwanzoni mwa karne hii. Sijui hoja bora zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba kuhifadhi ya wazee kunaweza kuwa kazi ya maendeleo.

Sasa upande wa pili, ambao wanaoisifu Sungusungu huupita mbio.

Kiapo kilichofunga kijiji kimoja kilimfungia nje asiyekuwa wa kijiji hicho. Na adui wa kijiji, katika fikra za Unyamwezi na Usukuma wa miaka ile, hakuwa mwizi tu, alikuwa mchawi pia. Takwimu rasmi za kati ya mwaka 1970 na 1984 zilihesabu Tanzania Bara watu 3,693 waliouawa katika matukio yaliyohusishwa na uchawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Sehemu kubwa ilikuwa Usukuma. Wengi wa wanawake hao walikuwa vikongwe, wajane, wenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini, moshi wa kinyesi cha ng'ombe mahali kuni zilipokwisha. Mauaji hayo yalikuwepo kabla ya Sungusungu, na si haki kuwabebesha wao yote. Lakini zipo sehemu ambako mabaraza yao yaliwaita wanawake hao, yakawatoza faini, yakawapiga, yakawafukuza kijijini. Mwanamke aliyefukuzwa aliondoka na kifurushi kichwani, shamba likabaki. Mara nyingi kulikuwa na ndugu wa kiume aliyelihitaji shamba hilo.

Hapa ndipo naona kasoro ya mizizi. Sungusungu ilikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi ya mshtakiwa kujitetea mbele ya mtu asiye na upande. Mwenye ukoo mkubwa aliponea kwa ukoo wake. Mwenye ng'ombe wengi alilipa faini, mambo yakaisha. Asiye na watu, yule mjane, mgeni aliyehamia juzi, Mtaturu aliyepitisha mifugo mahali pasipo pake, huyo alihukumiwa kwa uvumi. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 nchi ilikuwa ikiingiza haki za binadamu kwenye katiba, kwa marekebisho ya mwaka 1984 yaliyoanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka mmoja baadaye Bunge likawapa Sungusungu uwezo wa kukamata. Sheria hizo mbili ziliishi katika nyumba moja bila kusemezana, na vijijini iliyosikika ilikuwa ile yenye filimbi.

Siasa za vyama vingi zilirudi mwaka 1992. Jeshi la jadi halikuwa tawi la chama chochote, lakini mazoea ya kuona siasa kama kazi ya vijana wa kulinda boma yalihamia kirahisi kwenye kampeni. CCM ilikuwa na Green Guard, CHADEMA ikawa na Red Brigade, CUF ikawa na Blue Guard. Igunga iliyaona hayo yote kwa pamoja mwaka 2011. Julai mwaka huo Rostam Aziz, mbunge wao wa miaka mingi, alijiuzulu wakati wa kampeni ya CCM ya kujisafisha, iliyoitwa kujivua gamba, akisema amechoka na siasa uchwara. Uchaguzi mdogo ukapangwa Oktoba 2. Wilaya ambayo wengi walikuwa wanaipita tu kwa basi la Mwanza ikajaa helikopta, mabango, na wanasiasa wa kitaifa. Kada mmoja wa CCM alimwagiwa tindikali. Mkuu wa wilaya, Fatma Kimario, na viongozi wa CHADEMA waliingia katika mzozo ambao uliishia kubishaniwa kama suala la ushungi na dini.

Dk. Dalaly Peter Kafumu wa CCM, aliyekuwa kamishna wa madini, alipata kura 26,484. Joseph Kashindye wa CHADEMA alipata 23,260. Mahakama Kuu ikatengua matokeo Agosti 2012, na Mahakama ya Rufani baadaye ikamrudishia Kafumu ubunge. Kilichonishughulisha zaidi ni namba nyingine: waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 170,000, na waliopiga kura hawakufika theluthi. Wale wengine walibaki na shughuli zao. Nchi nzima ilikuwa ikipigana juu ya Igunga, na Igunga nyingi haikuona vita hiyo kuwa yake. Ni watu walewale ambao, ukipigwa mwano usiku, hakuna anayebaki ndani.

Hapo sioni ujinga wa kisiasa. Naona watu waliojifunza, tangu miaka ya 1970, kwamba vyama huja na kuondoka na ahadi zao, na kwamba jambo la kushikwa kwa mikono miwili ni lile la kijiji. Mtazamo huo una hekima. Una gharama pia, kwa kuwa kijiji kinachojitosheleza kwa kila hukumu hakina wa kukiambia kwamba kimekosea.

Vijana wa kwanza waliokula kiapo wakiwa na miaka ishirini sasa wamepita sitini, na watemi waliowaongoza wengi wameshazikwa. Daftari za makatibu wa kwanza zinaliwa na mchwa kwenye masanduku ya nyumba za Nkinga, Simbo na Igurubi. Walimu wa historia wa sekondari za Igunga, nawaomba muwatume wanafunzi wenu wakawahoji wazee hao kabla hawajaisha: walianzaje, nani alikataa, faini zilikwenda wapi. Na wakimaliza kwa watemi, waende pia kwa bibi waliofukuzwa na mabaraza hayo, na kwa watoto wao. Ushahidi wao haukuwahi kuandikwa katika daftari la katibu yeyote, na bila wao historia hii itabaki imeandikwa na upande mmoja tu wa zizi.